Jangwa Ukutani

Nimezaliwa mahali ambapo mtu akisema leo hali ya hewa ni nzuri, anamaanisha kumenyesha. Kwetu ni kwenye mgongo wa kilima upande wa Bomet, chai juu, chai chini, chai hadi mlangoni. Asubuhi kuna ukungu, kisha jua la kuanikia nguo, kisha mawingu yanapanda kutoka upande wa ziwa, na ikifika saa nane mchana kila mwenye akili ameshaingia ndani. Siku mbaya mvua huja na mawe, na mawe hayo yakipita, chai hubaki kama imetafunwa na mbuzi.

Wageni husimamisha magari yao barabarani wakapiga picha za kijani hicho na kusema Mungu alitupendelea. Sikatai. Lakini wao hupiga picha wakaenda zao. Mimi kijani kilinichosha kabla sijaota ndevu, na sikuwa na mtu wa kumwambia, maana kwetu kulalamika juu ya chai ni kama kulalamika kwamba mama yako anapika sana.

Kazi yangu ni kupiga picha. Napiga harusi, mazishi, ubatizo, na koito, ile siku ukoo wa kijana unapokwenda kuposa kwa kina msichana. Napiga watoto wa chekechea wakihitimu na majoho yanayowaburuta. Kila picha niliyowahi kupiga ilikuwa na chai nyuma yake. Maharusi na chai, jeneza na chai, kasisi na chai. Nikifungua kompyuta yangu naona shamba moja refu, na watu wanapita mbele yake wakizaliwa, wakioa na kufa. Nilianza kutamani jangwa kwa sababu ya uchovu huo, wala sikuwa na sababu nyingine ya maana. Nilitaka kusimama mahali ambapo jicho halizuiwi na kitu.

Kabla sijaliona jangwa lenyewe nilikuwa najidanganya na Chebunyo. Miezi ya kiangazi nilipanda pikipiki nikateremka hadi huko, upande wa Chepalungu, kule chai inakoishia na watu wanakofuga zaidi, nikatafuta mahali ambapo ng'ombe wamekanyaga hadi udongo ukabaki mtupu. Nililala kifudifudi na kuinamisha kamera ili mabati ya sokoni yasionekane, nikapiga vumbi na mbingu. Mama mmoja aliyekuwa akipeleka mbuzi wake soko la Siongiroi alisimama akaniuliza kama nimeanguka. Nikamwambia napiga picha. Akaangalia ninakoelekeza kamera, akaniangalia mimi, akasema, "Pole sana," akaenda na mbuzi wake.

Kisha bahati ikanikumbuka. Kampuni moja ya kuchimba visima ilitaka mtu wa kupiga picha mitambo yake kule Marsabit, pembeni mwa jangwa la Chalbi, na mpigapicha wao akaugua. Rafiki wa rafiki akanitaja. Nilikwenda kwa kipindi kifupi, nikapangiwa kulala kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwenyeji wa huko, mtu mrefu asiye na haraka. Hapa nitamwita Mwalimu tu, kama nilivyomwita huko.

Chalbi si ile michanga ya milima milima iliyo kwenye kalenda. Ni uwanda. Wanasema zamani palikuwa na ziwa, na sasa pamebaki udongo mweupe wenye chumvi, umepasuka vipande vipande kama ukoko wa ugali ulioachwa kwenye sufuria hadi asubuhi. Niliposhuka garini na kuangalia mbele, nilihisi kana kwamba mtu amenifungua vifungo vya shati. Nilicheka peke yangu, kwa sauti, na dereva akadhani jua limeshanipata.

Alfajiri udongo ule ulikuwa wa rangi ya majivu, kisha ukawa na wekundu wa mbali, kisha jua likatoka lote na kila ufa ukapata kivuli chake. Saa nne ulikuwa mweupe hadi macho yanauma. Karibu na adhuhuri hewa ilianza kucheza kule ukingoni, mazigazi yakatokea, na ngamia wakapita juu ya maji yasiyokuwepo, hawana miguu. Nilipiga picha kama mtu aliyefunguliwa kutoka jela. Na jua lilipofika utosini, kila siku, nilifunga kamera ndani ya mfuko wa plastiki, nikautia kwenye begi, nikarudi mbio kwa Mwalimu na kuketi mlangoni pake hadi giza.

Mwalimu alivumilia mwanzoni, kwa adabu za mwenyeji. Halafu akashindwa. "Rafiki yangu," aliniuliza, "wewe kila mchana unakimbia nini?"

"Mvua," nilisema. Neno lilipokuwa limeshatoka ndipo nilipojisikia.

Alicheka hadi akaegemea ukuta. Akamwita mkewe aje asikie. "Mvua gani? Hapa hata mawingu tunayaona kwenye vitabu vya watoto!" Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nimepoteza jioni zote, na mtu yeyote anayeshika kamera anajua kwamba mwanga wa jioni ndio wenyewe. Mwili wangu ulikuwa umekuja jangwani na saa ya kwetu ndani yake, na sikuwa na habari.

Ujinga wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Usiku ule nilizipitia picha zangu, na katika kila picha kulikuwa na mti. Mgunga wenye miiba, mkoma, kichaka cha sijui nini. Hata pale ambapo nakumbuka kabisa nilisimama nikasema sasa hapa hakuna kitu, nilikuwa nimegeukageuka hadi nikapata kijiti kimoja chenye jani na kukiweka katikati. Nilikuwa nimesafiri kote kule kulikimbia jani, na nilipofika nikalitafuta kama mtoto anavyotafuta kile kitambaa anacholalia. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliona hasira, kwa sababu nilielewa kwamba chai haikubaki nyumbani.

Siku ya mwisho nilikaa nje hadi jioni. Nilikuwa nimeapa kutopiga mti, na mkono wangu ukaelekea kwenye mti, mgunga mmoja mbali kabisa, peke yake. Nilikuwa nimeshaupanga vizuri katikati, nimeshapumua, upepo ukatoka nyuma yangu. Vumbi likainuka kwa mpigo mmoja, jua lililokuwa linashuka likaingia ndani ya vumbi hilo na lote likawaka rangi ya shaba. Kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza. Mti haukuwepo. Picha ile ina udongo chini, vumbi linalong'aa juu, na katikati mahali ambapo huwezi kusema ardhi imeishia wapi. Ndiyo picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga, na niliipiga nikilenga kitu kingine.

Mwalimu aliitazama kwenye kioo cha kamera, akatikisa kichwa. "Ni nzuri. Lakini Chalbi yenyewe bado hujaiona." Akanieleza. Mara chache, baada ya miaka kadhaa kupita mikavu kabisa, mvua hunyesha milimani, maji yakashuka na kulala juu ya uwanda ule, kina cha kifundo cha mguu tu. Upepo ukitulia, mbingu yote inakuwa chini. Ukitembea unakanyaga mawingu. Hukaa siku chache, kisha matope, kisha vumbi tena. "Yakija nitakupigia simu," alisema. "Na wewe ukisikia, usikae kunywa chai kwanza."

Nilirudi nyumbani na ahadi hiyo moyoni, nikiithamini kuliko hata ujira wangu. Nilikuwa nimeshajua nitasimama wapi, nitashusha kamera kiasi gani, na kwamba safari hiyo hakutakuwa na mti.

Baba yangu alikuwa mkulima wa chai maisha yake yote, na alizitazama picha zangu kwenye simu kama anavyotazama ndama wa jirani, akitafuta kasoro. Nyumbani tunaongea Kikipsigis, kwa hiyo maneno yake mengi nayaandika hapa kwa Kiswahili changu.

"Hapa ng'ombe wanakula nini?"

"Hakuna ng'ombe, baba. Ni ngamia."

"Na ngamia wanakula nini?"

Picha zenye miti alizipenda. Alisifu mgunga mmoja kwamba ungefaa kwa nguzo. Tulipofika ile ya mwisho aliigeuza simu juu chini, akanirudishia. "Hii umekosea," alisema. "Hujapiga kitu."

Haukupita muda mrefu, asubuhi moja ya ukungu, baba alianguka katikati ya mistari ya chai akiwa na kikapu mgongoni. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kushoto. Mama alikuwa ameshatangulia. Dada zangu wameolewa, na ndugu yangu mkubwa ana kazi na familia Nakuru. Nikabaki mimi, kitinda mimba.

Kwetu Wakipsigis kitinda mimba hana swali la kujiuliza. Kaka zake hupewa sehemu zao wakajenga kwao. Yeye hubaki kwa mama, nyumba ya mama ni yake, na wazee walio ndani ya nyumba hiyo ni wake pia. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni bahati. Ndugu yangu alikuwa akinitania, "Wewe nyumba umeshapata, sisi ndio tutahangaika." Hakuna aliyeniambia kwamba nyumba nayo ilikuwa imenipata mimi.

Daktari alisema baba ageuzwe mara kwa mara, asilalie upande mmoja muda mrefu, asije akatoka vidonda. Dada zangu wasingeweza kumvua na kumwosha, kwani kwetu baba hajivui mbele ya binti yake wala mke wa mwanawe. Tukatafuta mwanamume wa kumhudumia. Wa kwanza, kijana mpole kutoka upande wa Kisii, alirushiwa kikombe cha uji kwa ule mkono mzima. Wa pili alipomshika, baba aliukaza mwili wake wote kama gogo, hata ule upande tuliodhani umekufa, na jamaa akamwacha kwa hofu ya kumvunja. "Kwani mimi sina mtoto?" baba alisema. Wa tatu hatukumtafuta.

Tangu hapo maisha yangu yakawa na urefu wa kamba ya mbuzi. Niliweza kufika kwenye banda la kuuzia chai na kurudi. Niliweza kwenda kanisani nikakaa nyuma karibu na mlango. Harusi za mbali zikaenda kwa wapigapicha wengine, na Chebunyo, jangwa langu la uongo, ikawa ng'ambo ya bahari. Nikitoka tu, kabla sijafika barabarani, kichwa kilianza kuhesabu ni wakati gani nilimgeuza, na miguu ikaanza kurudi yenyewe.

Nilichukia. Afadhali niseme wazi, maana watu wanapenda kudhani kwamba mtu anayemtunza mzazi wake moyo wake umejaa asali. Nilimpenda baba na nilichukia kila asubuhi. Kanisani waliniambia huyu ndiye mtoto, na nikatamani kuwauliza kama wangependa tubadilishane hata kwa wiki moja. Mzee mmoja wa kanisa alinishika bega akasema mvumilivu hula mbivu. Nilimwitikia amina, kwa sababu kwetu ndivyo mtu anavyomwambia mzee anyamaze.

Kwa hasira hiyo ndipo nilipopeleka ile picha tupu mjini Kericho ikachapwa kubwa, upana wa mikono yangu miwili ikinyooshwa, nikaitundika ukutani mkabala na kitanda cha baba. Sikumtundikia yeye. Nilijitundikia mimi, kwa kuwa ndani ya chumba kile ndimo nilimokuwa naishi. Na nadhani nilitaka aione pia, aione kila siku, ajue ni kitu gani changu amekikalia.

Baba alikuwa na pande tatu za dunia. Akilala chali aliona dari. Akigeuzwa dirishani aliona chai yake. Akigeuzwa ukutani aliona jangwa langu. Mwanzoni, kila nilipomgeuza ukutani, alifumba macho. Asubuhi moja hakufumba. Alitazama muda, halafu kwa lile domo lake lililopinda akasema, "Leo huko kuna ukungu."

Nikageuka kuangalia, tayari kumkosoa. Ilikuwa kweli. Ukungu ulikuwa umeziba dirisha, mwanga uliokuwa unaingia ulikuwa hafifu kama maziwa yaliyotiwa maji, na vumbi la shaba lilikuwa limekuwa la kijivu. Jangwa lilikuwa na baridi. Ukungu ulipopanda na jua kuingia, rangi ilirudi kidogo kidogo kuanzia kona ya chini. Baba alisema, "Sasa watu wa huko watachomeka." Mchana dirisha likajaa mawingu na jangwa likawa jeusi karibu lote. Na jioni, baada ya mvua, jua la mwisho lilipita juu ya chai iliyolowa, likaingia dirishani na kufika ukutani likiwa na ukijani ndani yake.

"Nyasi zimeota," baba alisema.

Nilikwenda kuchukua kamera.

Ndiyo kazi niliyofanya miezi ile. Nilikaa pembeni mwa kitanda nikapiga jangwa ukutani, kwenye ukungu, kwenye jua, kwenye giza la mvua ya mawe, wakati umeme umepotea na kuna mshumaa. Nilijua napiga karatasi, sikuwa nimerukwa na akili. Lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa na mahali pamoja hadi mwanga wake uishe wote, jambo nililoshindwa kule kwenyewe kwa sababu nilikuwa nakimbia mvua isiyokuwepo. Baba alikuwa msumbufu kuliko bibi harusi. "Ngoja," angesema, "wingu linapita." Au, "Umechelewa, limeshapita." Alikuwa ametazama mbingu maisha yake yote kwa ajili ya chai, na sasa alikuwa anaitazama ukutani.

Msidhani tulikuwa na furaha. Siku nyingi nilipomgeuza na kuona picha ile nilitamani kuitoboa kwa ngumi. Picha hainywi mvua, haikauki, haina upepo. Usiku nililala chumba cha pili nikimsikiliza akikohoa, na nikawaza maji yanayolala juu ya udongo mweupe bila mtu wa kuyapiga picha.

Msimu wa mvua ya masika simu ya Mwalimu ililia nikiwa nampa baba uji. "Maji yameshuka," alisema, bila hata salamu. "Yamelala kabisa. Upepo bado unasumbua, lakini utatulia. Wewe njoo sasa. Ukingoja, uje na gambuti za matope."

Niliacha kijiko ndani ya uji. Baba akanyoosha mkono wake mzima akitaka simu. Nikamwekea sikioni. "Pwana Mwalimu," alisema kwa Kiswahili chake, "huko kumenyesha kweli?"

"Kumenyesha, mzee. Sana."

"Mupande," baba akamwambia. "Mupande mapema."

Ndugu yangu wa Nakuru alikuwa ameniahidi tangu zamani kwamba siku hiyo ikifika atakuja kukaa na mzee. Nilipompigia alikubali mara moja, na sitamsema vibaya kwa hilo. Alifika jioni ile ile na mikate na matunda. "Enda, bro," alisema. "Kwani kumgeuza mzee ni kazi ya jeshi? Mimi pia ni mtoto wake." Nikamwonyesha namna ya kupitisha mkono chini ya mgongo, mto wa kuweka katikati ya magoti, na jinsi baba anavyotaka uji uwe wa vuguvugu. Nilimwambia baba naenda. Alisema, "Sawa." Asubuhi nikamgeuza dirishani, nikamfunika, nikabeba begi la kamera. Jua lilikuwa halijatoka. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke nilifika barabarani bila kugeuka.

Londiani nilishuka ili nipate gari la Nakuru. Kulikuwa na baridi yake ile ile, viazi vimepangwa kwenye ndoo kando ya lami, moshi wa kuni za msonobari. Nilinunua mahindi ya kuchoma na nikajikuta naimba. Upande wa Nakuru mbingu ilikuwa safi kabisa. Simu ikalia.

"Bro," ndugu yangu alisema, "mzee amekataa."

"Amekataa nini?"

"Kila kitu. Hataki uji, hataki maji. Nikimshika anakaza. Amelala tu vile ulimwacha."

"Jaribu tena. Ongea naye kwanza."

"Nimejaribu tangu uende. Anasema nyumba si yangu." Akashusha sauti. "Bro, analia. Mimi sijawahi kuona mzee akilia. Hii siwezi."

Nilisimama pale na hindi mkononi. Upande mmoja kulikuwa na barabara ya Nakuru, na mbele yake Marsabit, na mbele yake maji. Upande mwingine mawingu yalikuwa yameanza kupanda juu ya Kericho, mapema kuliko kawaida. Wanasema njia mbili zilimshinda fisi. Nilijaribu kuwa fisi, nilijaribu kweli, nikapiga hatua kuelekea gari la Nakuru lililokuwa linaita abiria. Mwili ulijua njia ni moja. Nikavuka barabara nikangoja gari la kurudi, na hindi lile nikalitupa mtaroni kwa nguvu hadi mama wa viazi akaniuliza kama liko na mdudu.

Nilifika nyumbani mvua ikinyesha. Ndugu yangu alikuwa amesimama barazani, macho mekundu, mikono ameikunja kifuani kama mgeni asiyekaribishwa ndani. Alianza kusema pole, nikampita.

Baba alikuwa ametazama dirishani, vile vile nilivyomwacha alfajiri, blanketi halijasogea. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, na yalikuwa maneno makali. Sikumgeuza. Nilivuta kiti nikakaa mahali anaponiona.

"Kwa nini, baba?"

"Yule ana nyumba yake," alisema. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Huko maji bado yapo?"

"Sijui. Sikufika."

Nilitaka aone uchungu wangu, na nadhani aliuona, kwa sababu aliacha kunitazama. Simu yangu ikatoa mlio. Mwalimu alikuwa ametuma picha, aliyoipiga kwa simu yake yenye ufa, na kidole chake kimeingia kwenye kona. Upepo ulikuwa umetulia. Mbingu ilikuwa juu na mbingu ilikuwa chini, mawingu kwa mawingu, na hakuna mstari kati yao. Kulikuwa na mtu mmoja mbali, amesimama katikati ya hewa. Ilikuwa picha yangu. Nilikuwa nimeiota hadi nikaijua kila kona, na sasa ilikuwa imepigwa na mtu mwingine, vizuri kabisa, bila kuhangaika.

Nikamwonyesha baba. Aliitazama muda mrefu sana.

"Hii haina mti," alisema.

"Haina."

"Ni nzuri?"

"Ni nzuri sana, baba," nilisema, na nikaanza kulia, mtu mzima na mvi zangu za kwanza, kwenye kiti cha jikoni, wala sikujificha.

Aliniacha nilie. Halafu akauliza maji yale hukaa muda gani. Nikamwambia siku chache. Akafikiri. Nilimwona akifikiri kweli, akitafuta mahali pa kuniachilia.

"Kesho amka mapema," alisema, "uende. Huyu ndugu yako akae. Nitajaribu." Mkono wake mzima ulikuwa umekamata pindo la koti langu lililolowa, na sidhani alijua. "Nenda. Mimi nakwambia nenda."

"Sawa, baba."

"Lakini kwanza nigeuze."

Nikaweka simu chini. Nikapitisha mikono yangu chini ya mgongo wake, na mwili ule uliokuwa umekaza tangu alfajiri ukalegea wote mikononi mwangu.